Kidaka Nyuma ya Kiti cha Khalati

Naanza kuandika haya leo Alhamisi, saa tisa u nusu alasiri. Nimeketi kitako ukumbini juu ya jamvi, na mama ananiita kutoka uani nikaanue karafuu kwa sababu wingu limejikusanya. Nimejifanya sisikii. Nimetoka sasa hivi kwa Fundi kumpelekea habari ya furaha, naye kaipokea kama mtu aliyeletewa sanda. Nikitaka kumweleza mtu kwa mdomo nitaona haya katikati ya maneno na kunyamaza, kama kawaida yangu, kwa hiyo namweleza kwenye daftari.

Mafundi hapa mjini ni wengi. Yuko fundi seremala, yuko fundi cherehani, yuko na fundi saa ambaye saa yake mwenyewe imesimama. Lakini ukisema Fundi na ukaishia hapo, kila mtu anajua ni yule mwashi wa chokaa anayekaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Nimemjua tangu sijaota meno ya pili, na sijamsikia akiitwa kwa jina. Nadhani hata yeye likiitwa atageuka kutazama nani anaitwa.

Jambo la kwanza la kujua juu yake ni vifundo vya vidole. Watu wengine husikia kwa masikio, yeye husikia kwa vifundo. Akiingia nyumba ya mtu, kabla ya kukaribishwa, huukunja mkono akagonga ukuta mara mbili, akainamisha kichwa kidogo kama daktari. Tulikuwa kilioni kwa jirani, watu wanasoma Yasini, mara nikasikia tok, tok. Alikuwa ameegemea ukuta na mkono umemponyoka. Akamwinamia mfiwa akamnong'oneza, ila mnong'ono wake husikika hadi barabarani:

"Pole yakhe. Na ukuta huu nao, nkwambie kweli, hauna masika mawili."

Ukuta ule ulianguka masika ya kwanza. Mfiwa hajamsamehe mpaka leo, utadhani Fundi ndiye aliyeusukuma.

Jambo la pili ni ulimi. Chokaa yake ni ya matumbawe yanayotoka upande wa Makoongwe, yanachomwa Wambaa, halafu yeye huizamisha kwenye shimo la maji nyuma ya nyumba, akaiacha hata ikasahau kwamba ilikuwa jiwe. Kujua kama imeiva, hutia kidogo mno kwenye ncha ya ulimi, hufumba macho, hutema. Ikiwa haijaiva hutema mara ya pili, kwa dharau. Nilipokuwa mdogo nilidhani waashi wote hula kuta. Nilimwuliza mama kama ndiyo sababu nyumba za mafundi zinapungua, maana nyumba ya Fundi mwenyewe ni ya udongo mtupu, haina lipu hata kiganja, na upande mmoja umelala ukazuiwa na gogo la mnazi. Amejenga nusu ya kuta nzuri za mji huu, na yeye analala chini ya ukuta wa gogo. Akiulizwa hujibu bila kucheka:

"Sijapata fundi wa kumwamini."

Watu humwita mnyenyekevu kwa sababu ya nyumba ile. Si kweli hata kidogo. Fundi ni mtu wa majivuno kuliko wote ninaowajua, na nimesoma Unguja na mabinti wa watu wakubwa. Ila majivuno yake yote yako kwenye kuta, mwilini hayakubaki. Kanzu yake ina kiraka juu ya kiraka. Msikitini husali safu ya nyuma. Lakini kamwambie ukuta wake umepinda hata uzi mmoja, utaona.

Saruji aliichukia. "Chokaa ya watu wenye haraka," ndivyo alivyoiita. Alisema chokaa hupumua na saruji hukaba, na kwamba nyumba ya saruji ni kama mgeni anayekaa sebuleni na viatu miguuni, hujui lini ataondoka. Haya aliyasema kwa sauti mbele ya watu wanaojenga kwa saruji, tena baada ya kuwasalimia vizuri. Na kusalimia anajua. Sabalkheri yake ina vyumba saba: wewe hujambo, mama hajambo, mgonjwa wenu je, mbuzi wenu amezaa, na yule wa Wingwi ameandika barua? Mimi nilikuwa nikimwona kwa mbali napita njia ya nyuma, si kwa kumchukia, ila kwa sababu ya kujibu yote yale na macho yake usoni pangu.

Na jambo kubwa kuliko yote ni vidaka. Kila mtu Pemba anakijua kidaka, kile kishimo kizuri ukutani cha kuwekea taa au msahafu au kioo cha kujitazamia. Lakini vidaka vya Fundi vina upinde juu wenye mikunjo midogo midogo, kama ukingo wa chaza, na huvichonga kwa kisu kilichochakaa hata kikawa kama sindano. Hakuwahi kuacha ukuta bila kidaka. Walimwita kujenga choo cha shule, akatia kidaka. Mwalimu akamwuliza cha nini humo. Akasema, "Si lazima uweke kitu. Ukuta unataka mahali pa kuvutia pumzi."

Sasa mtu wa namna hii, anayechukia saruji na asiyeweza kuacha ukuta mtupu, ndiye aliyeitwa hospitali kujenga ukuta wa saruji usiotakiwa kuwa na tundu hata la msumari.

Ilikuwa hivi. Hospitali yetu iliahidiwa mashine ya kupiga picha za mifupa. Mashine ilifika, lakini mabamba ya madini ya risasi ya kuzungushia chumba hayakufika, na aliyejua yako wapi hakupatikana. Badala yake vikaja viroba vya unga mweupe. Mafundi wa saruji walikuwa Unguja, kwa hiyo daktari akamwita Fundi. Daktari wetu ni Mhindi aliyekaa hapa tangu sijazaliwa. Kiswahili chake kizuri, ila husema polepole kama anasoma maagizo kwenye chupa ya dawa.

Mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nampelekea chakula Khalati kila adhuhuri. Khalati ni mdogo wake mama, naye ni nesi wa wodi ya wanawake. Chumba chake cha kazi, pale anapokunja bandeji na kuwaandika wagonjwa, kimetenganishwa na chumba cha mashine kwa ukuta mwembamba wa mawe, na kiti chake kinaegemea ukuta huohuo. Lazima niliseme na jambo ambalo mtaa mzima ulikuwa unalisema chini chini: Khalati alikaa miaka mingi ndoani bila mtoto, alikunywa kila kombe na kila mzizi, na mwaka huu Mungu alimpa. Mimba ilikuwa changa, haijaonekana bado chini ya sare.

"Fundi," daktari alisema, "mwanga wa mashine hii hauonekani kwa macho."

"Basi utajuaje umeuwasha?"

"Mashine inanguruma. Mwanga wenyewe unapita nguo, unapita nyama, unakwama kwenye mfupa. Ndiyo maana tunauona mfupa."

"Mfupa una nini usichokuwa nacho mnofu?"

"Mfupa mzito zaidi. Mwanga huu hauogopi unene, unaogopa uzito. Ukuta mwembamba wenye kitu kizito ndani yake unauzuia kuliko ukuta mnene mwepesi. Unga huu unaitwa bariamu. Utautia kwenye saruji mahali pa mchanga, upige lipu pande zote mbili. Kwa sababu huyu nesi anakaa hapa." Akasita. "Na mtu mwenye mimba, kwake mwanga huu mbaya zaidi. Mtoto tumboni bado anajengwa."

Fundi akamtazama Khalati, Khalati akatazama bandeji. Basi siri ya mtaa ikawa imesemwa mchana mweupe mbele ya mwashi.

Fundi akainua kiroba kimoja, kidogo tu, akakirudisha chini kwa mguno. "Hiki kimelala na chuma," alisema. Akachovya kidole kwenye unga, na kabla mtu hajasema kitu akautia ulimini.

"Fundi! Huo wa ukutani si wa kula!" Daktari alimshika mkono. "Ule safi ndio tutawanywesha wagonjwa, tukitaka kuona tumbo lao kwenye picha."

"Yaani ukuta na tumbo vyala chakula kimoja?"

"Wenye mimba twala udongo tangu enzi na enzi," Khalati alisema, "na hakuna aliyetuletea mashine."

Ndipo Fundi akacheka, akamwambia Khalati neno ambalo baadaye lilimrudia kila siku: "Keti kwa amani, mwanangu. Ukuta wangu hata umbea haupiti."

Kazi ilimtoa jasho. Siku ya kwanza aliukoroga mchanganyiko kwa maji mengi, kama alivyozoea chokaa, na bariamu yote ikazama chini ya karai kama kokoto kisimani. Juu kukabaki uji wa saruji, nao ndio aliokuwa anaupaka. Daktari akachota chini akamwonyesha. Fundi hakubisha. Aliibandua lipu yote aliyokwisha kuipiga, akaanza upya na mchanganyiko mkavu, mtu mmoja kazi yake kukoroga bila kupumzika. Hapo nao ukawa unateremka ukutani kwa uzito wake. "Yashuka kama kanzu ya mlevi!" alipiga kelele. Akajifunza kuipaka nyembamba, akaikwaruza, akaiacha ikashika, akarudi juu yake tena, na tena. Nilimwona akiugonga ukuta kwa vifundo na kukunja uso. Ulikuwa haulii. Kuta zake zote zilikuwa zinalia tok, huu ulikuwa unasema dup, kama mtu aliyefunikwa mto.

"Huu haunijibu," alisema.

"Vizuri," daktari alisema. "Hivyo ndivyo tunavyotaka."

Kisha Khalati akaanza matani, na sijui kama ameyasahau au anajifanya. Alisimama katikati ya chumba chake siku ya mwisho, mikono kiunoni: "Haya, Fundi, umenijengea jela. Mji mzima kila mtu ana kidaka chako, hata choo cha shule. Mimi peke yangu sina pa kuweka msahafu. Au vidaka ni vya wanaume tu?"

Fundi akautazama ukuta nyuma ya kiti, akaenda zake. Kesho yake alikuja na kisu chake na debe la chokaa ya nyumbani. Daktari alikuwa amemkataza msumari upande wa mashine, na upande wa mashine hakuugusa. Upande wa Khalati hakuna aliyemkataza kitu. Nyuma ya kiti, usawa wa bega, alibandua lipu, akatoa na safu moja ya mawe, akachonga. Ule mchanganyiko mzito ulikuwa haukubali kisu, unabomoka kama visheti, kwa hiyo kidaka akakimaliza kwa chokaa tupu, nyeupe, laini kama maziwa. Kwa maisha yake yote chokaa ndiyo iliyokuwa kitu imara na saruji ndiyo ya wasiwasi. Sidhani ilimpitia hata kidogo kwamba alikuwa anatoa kilicho kizito na kutia kilicho chepesi. Alikuwa anampa mtu zawadi.

Kilikuwa kidaka kizuri kuliko vyote. Khalati alipokiona alifunika mdomo. Akaweka msahafu, akaweka na bilauri yake ya maji chini yake, akaiondoa akasema haifai kukaa pamoja. Daktari akaingia akasema, "Kizuri sana, Fundi." Bwana mkubwa wa majengo, asiyejua Kiswahili, akaja kukagua, akaukagua upande wa mashine tu, akaugonga kwa bakora, Fundi akamwambia, kupitia kwa daktari, kwamba ukuta haugongwi kwa fimbo kama punda. Kila mtu akaridhika. Mashine ikaanza kujaribiwa, siku hadi siku, inanguruma, na Khalati kwenye kiti chake anakunja bandeji.

Mwisho wa majaribio daktari akataka kuhakikisha ukuta. Alichukua bamba la picha lililofungwa karatasi nyeusi isiyopitisha jua, akalileta chumbani kwa Khalati, akatafuta pa kulisimamisha. Pa kusimamisha palikuwa mahali pamoja tu. Akauondoa msahafu, akalisimamisha bamba kwenye ukingo wa kidaka, nalo kwa kuwa lilikuwa pana likafunika mdomo wake wote kama pazia. Upande wake unaoelekea ukuta alikuwa amefunga kwa uzi ufunguo wa kabati la Khalati, ili mwanga ukipita tuone kivuli chake. Akatutoa wote nje, akaenda kuwasha mashine. Nafikiria hili mara nyingi: kama kisingekuwepo kidaka, bamba lingeegemezwa popote na lingetoka safi, na kila mtu angemsifu Fundi. Lakini kama kisingekuwepo kidaka hata tundu lisingekuwepo.

Lilipooshwa kwa dawa, daktari alilinyanyua dirishani. Pembeni kote palikuwa peupe, kama inavyotakiwa. Katikati ulisimama upinde mweusi wenye mikunjo kama ukingo wa chaza, na ndani ya weusi ule ufunguo, mweupe, meno yake yote yanahesabika.

"Hicho kidaka changu," Khalati alisema. Halafu akaketi kitako chini sakafuni, si kwenye kiti.

Fundi akaitwa. Alilishika bamba kwa ncha za vidole, akalielekeza kwenye jua, akalitazama muda mrefu. Nilitaka aseme kitu chochote kizuri. Akasema:

"Upande wa kulia umepinda."

Akalitazama tena, akaugeukia ukuta, akamtazama Khalati pale chini na mkono wake juu ya tumbo. Ndipo nilipouona uso wake unashuka, polepole, safu baada ya safu, kama ile lipu yake iliyoteremka ukutani.

"Nilikuomba pa kuweka msahafu," Khalati alimwambia. "Sikukuomba dirisha."

Daktari akaingilia kati. Alisema mapigo ya majaribio yalikuwa machache na dhaifu, anaamini mtoto hakudhurika, ila kuapa haapi. Akasema, "Tena si lako peke yako, Fundi. Mimi nilikiona kidaka nikakisifu. Kosa letu sote."

Fundi akamgeukia kwa hasira ambayo sijapata kuiona kwake. "Hili langu. Wewe katafute lako."

Ndivyo alivyo. Hata kosa hakutaka kushirikiana na mtu.

Siku ileile alikibomoa kidaka, akatia mchanganyiko mzito, akaongeza, na tena akaongeza, na daktari akisema basi yeye hasikii. Bamba la pili lilitoka jeupe lote. Nyuma ya kiti cha Khalati sasa kuna nundu, kubwa kama tikiti, kitu pekee cha ovyo alichokijenga maishani mwake, na ndicho kitu pekee hospitalini pale ambacho kina hakika ya kufanya kazi.

Baada ya hapo alikataa kazi. Kisu na mwiko alivifunga kitambaa akavisukuma chini ya kitanda. Kupita mbele ya nyumba ya Khalati alipita, tena kila siku, lakini bila salamu, yeye aliyekuwa anasalimia mpaka waliokwisha kumpita. Na mimi, ambaye zamani nilimkwepa kwa salamu zake ndefu, sasa alikuwa ananivizia kwenye kona ya kisima kwa neno moja.

"Anacheza?"

Mara ya kwanza sikuelewa. Nilipoelewa nilitamani ardhi inimeze. Msichana wa shule, mzee wa kiume, njiani, habari za mtoto tumboni! Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo, nikakimbia na ndoo nusu. Nyumbani kwake, Khalati, aliyeapa hamtaji tena Fundi, akaniuliza huku anachambua mchele:

"Yule kauliza?"

"Nani?"

"Huyo huyo."

"Kauliza kama anacheza."

"Umemwambiaje?"

"Anacheza."

"Ungemwambia anapiga mateke, tena anampiga yeye." Akaendelea kuchambua. Akapepeta ungo, akasema, "Basi anauliza?"

Ikawa hivyo miezi yote. Yeye anauliza kisimani, mimi natikisa kichwa, Khalati ananisaili nyumbani na kujifanya hajali. Hawa watu wawili walikuwa wanazungumza kila siku na njia yao ni mimi, nisiyeweza kuzungumza na mtu. Na wote wawili, nilivyowaona, walikuwa wanaogopa kitu kimoja, ila Khalati alikuwa na haki ya kuogopa kwa sauti.

Leo kabla ya adhuhuri Khalati amejifungua mtoto wa kike. Nimetumwa nyumba baada ya nyumba na habari, na nilipokuwa natoka mlangoni nikamsikia kutoka ndani, sauti imechoka: "Na yule naye kamwambie."

Nilimkuta Fundi ameketi chini ya ule ukuta wake uliolala. Amekonda. Nilimpa masalkheri, hakuniuliza mama wala mbuzi.

"Khalati amejifungua," nilisema. "Mtoto wa kike."

Mkono wake ulikuwa unagongagonga lile gogo la mnazi, bila yeye kujua.

"Ana kila kitu?"

"Wanasema mzima."

"Wanasema kina nani?"

"Mkunga. Na mama."

"Wewe umemwona?"

"Nimeuona uso tu. Amefungwa nguo."

"Basi hujui," alisema. "Ukuta ule nao walisema mzima. Kila ntu alisema mzima. Daktari kasema kizuri, bwana mkubwa kagonga kwa fimbo, na mimi mwenyewe nikasema hata umbea haupiti." Akaacha kugonga. "Wewe ntoto wa shule, usiniletee la kusikia. Nenda ukanihesabie."

Nikamwambia mwanamume anaweza kuonyeshwa mtoto mlangoni, aje mwenyewe. Akatikisa kichwa. Alisema hana uso wa kusimama kwenye mlango ule. Nikaondoka bila kuaga vizuri, nikaja kuketi hapa. Mvua imekwisha kupiga, mama ameanua karafuu mwenyewe, na hasemi nami.

*

Ijumaa. Leo asubuhi nilikwenda kwa Khalati mapema. Nilisimama karibu na kitanda, nikashindwa kusema, mwisho nikasema kwa pumzi moja kabla sijaona haya: "Fundi anataka nimhesabu."

Khalati akanitazama, akacheka hata akashika tumbo kwa maumivu. Kisha akaacha kucheka, akamfungua mtoto mwenyewe, nguo baada ya nguo, akamlaza mapajani mwangu. Nikahesabu vidole vya mikono, vya miguu, masikio, nikatazama kaakaa alipopiga miayo. Khalati alikuwa anahesabu nami kimya kimya, midomo inacheza. Nilijua hapo kwamba naye alikuwa bado hajathubutu kuhesabu.

"Kamwambie," alisema. "Umwambie na hili, mtoto wangu hana pa kuwekewa mafuta yake wala wanja. Mji mzima una vidaka."

Nilikwenda. Nilimwambia Fundi kwamba nimehesabu mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu, na sikumwambia kingine mpaka alipomaliza kujifuta uso kwa pindo la kanzu. Kisha nikampa na la pili. Aliingia ndani, nikasikia kitu kinaburuzwa kutoka chini ya kitanda.

Mlangoni kwa Khalati hakubisha hodi. Alisimama hadi alipoletewa mtoto, akamtazama, hakumgusa. Ukumbini akakunja mkono kwenye ukuta, halafu akasita, akanigeukia.

"Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Banda la kuku."

"Kuku tu?"

"Na jogoo."

Akafikiri. Akaenda nje akalizunguka banda, akarudi. Ndipo akagonga, tok, tok, akainamisha kichwa.

Nilipewa chekeche nimchekechee chokaa. Nilichekecha kwa uangalifu mkubwa, nimezuia pumzi. Akachota kidogo, akatia ulimini, akafumba macho, akatema. Kisha akatema mara ya pili.

"Haijachekechwa hii," alisema.

Nikachekecha upya.